Nakala za Saa Kumi

Hakuna mtu katika hoteli ile aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake walimwita Bwana Ibara, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba mkewe alipofika mapokezini siku moja na kumwita kwa jina lake halisi, hakugeuka. Chanzo chake kilikuwa tangazo lililotundikwa ukutani nyuma ya meza yake, ndani ya fremu ya kioo, lenye kichwa cha maneno: Haki na Wajibu wa Mgeni. Alikuwa amelipiga chapa yeye mwenyewe, ibara kumi na mbili, kutoka katika sheria ya nyumba za wageni, na alizijua zote kwa moyo. Mgeni aliyelalamika kwamba mtu wa usafi ameingia chumbani bila kubisha alitajiwa ibara ya saba kabla hajafika mwisho wa sentensi, na mtu wa usafi alitajiwa ibara hiyohiyo dakika tano baadaye, kwa sauti ya chini zaidi.

"Huyu hata ndoto zake amezigawa kwa ibara," alizoea kusema mtandika vitanda, mjane mnene mwenye sauti ya kukwaruza aliyejulikana kwa jina la Mama Mashuka.

"Ndoto haina shahidi, dada. Haiandikwi," Bwana Ibara alimjibu bila kuinua kichwa.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya ghorofa tatu na vyumba ishirini na vinne, si ya matajiri wala si ya walevi. Kwa miaka ishirini na mbili mzee huyu alikuwa amesimama nyuma ya meza ileile ya mbao, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, akiwaandika watu. Kila mgeni alijaza fomu iliyowekewa karatasi ya kaboni chini yake. Ukurasa wa juu ulibaki katika daftari, na daftari lilifungiwa katika kabati la chuma. Nakala ya chini ilichanwa, ikapigwa muhuri, na saa kumi kamili za alasiri alikuja tarishi mwenye mkoba wa ngozi akazichukua nakala zote za siku na kuzipeleka kituo cha polisi, kama sheria ilivyoagiza. Bwana Ibara alizichana nakala hizo kama mtu anavyofunga kamba za viatu. Vidole vilijua kazi, kichwa hakikuhitajika.

Jumatatu moja, yapata saa nne asubuhi, aliingia mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye mfuko mmoja begani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, na vidole viwili vimenyooshwa juu ya kipande cha ubao. Aliomba chumba cha juu, kisichoelekea barabarani. Alipoona fomu alirudi nyuma hatua moja.

"Ni lazima niandike jina langu, mzee?"

"Ni lazima, binti yangu. Jina kamili, utokako na uendako. Nisipokuandika nakosa mimi, ukiandika uongo unakosa wewe."

"Mume wangu ananitafuta." Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililomfanya Bwana Ibara ainue kichwa. "Ni mtu anayejuana na watu wengi."

Mzee aliiweka kalamu chini. Akaigeukia fremu na kuweka kidole juu ya kioo, chini kidogo ya maneno aliyoyataka. "Ibara ya tatu. Hoteli haitamwambia mtu yeyote kama mgeni yumo au hayumo, wala namba ya chumba chake, ila kwa amri ya mahakama iliyoandikwa."

"Hata mumewe?"

"Hata mumewe. Aliyekodi chumba ni wewe. Mlango ukishafungwa, ni mlango wako."

"Na daftari hili?"

"Linalala katika chuma, na ufunguo ninao mimi."

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyoitazama kamba kabla hajaishika kwa mikono yote miwili. Kisha akaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Aliandika ukweli. Penye uendako pekee aliacha wazi, na Bwana Ibara akamwambia kwamba hapo pangejazwa siku ya kuondoka. Akampa chumba namba kumi na tisa, ghorofa ya pili, kinachoelekea uani.

Saa kumi tarishi alikuja. Nakala zilikuwa saba. Zikachanwa, zikapigwa muhuri, zikatiwa mkobani. Bwana Ibara akamtakia tarishi jioni njema.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani karibu na dirisha, akikunja pindo la sketi ya shule. Mabinti zao wawili walikuwa wameolewa na kwenda mbali, na wazee hawa walikula mapema, wakiwa na meza kubwa kuliko mahitaji yao. Jioni ile mume alikuwa mchangamfu. Alieleza habari za mgeni bila kutaja jina wala namba, kwa maana hata mke hakuwa mtu wa kuambiwa, akaeleza jinsi alivyomsomea ibara ya tatu na jinsi mabega ya yule dada yalivyoshuka.

"Kwa hiyo leo umemlinda mtu," mke alisema.

"Sheria imemlinda. Mimi nimeisoma tu."

Mke alitafuna kidogo, akameza. "Na zile karatasi za kaboni, baba watoto?"

"Zile ni za kituoni."

"Kituoni hakuna watu?"

Kijiko kilisimama katikati ya sahani na mdomo. Hakuna swali la mkaguzi hata mmoja, katika miaka yote ile, lililowahi kumshinda Bwana Ibara kama lile. Aliinuka, akachukua koti, akaacha chakula kikifuka moshi mezani.

Jua lilikuwa halijazama alipobisha namba kumi na tisa. Alisimama kizingitini, mikono nyuma, akaeleza habari ya nakala kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Mgeni alikaa kitandani. "Ulisema hakuna atakayeambiwa."

"Nilisema. Na nikapeleka, saa sita tu baadaye, kwa mkono huu. Sikuona kwamba huko ni kuambia. Nimefanya hivyo kila siku, ndiyo maana sikuona."

"Nilipotoroka mara ya kwanza," mwanamke alisema, "nilikwenda kituoni mwenyewe. Walinirudisha nyumbani kwa gari lao. Njiani wakaniambia nimshukuru mume wangu kwa kuwa ni mtu mwenye subira." Aliutazama mkono wake uliofungwa. "Hii ndiyo subira yake. Amesema akinipata tena hatakuwa na haja ya kunifunga bandeji."

Bwana Ibara alimwuliza anakokwenda. Mwanamke alikuwa na shangazi ng'ambo ya mpaka, na huko watu wa mumewe hawakuwa na nguvu. Lakini safari ilikuwa ndefu: gari la kwanza liliondoka alfajiri, kisha kulikuwa na stendi tatu za kubadilisha magari, na angevuka mpaka Alhamisi saa sita mchana, gari likienda vizuri. Mumewe alikuwa na rafiki katika kila moja ya stendi zile. Simu moja ingetosha.

"Akijua nimeondoka, sifiki," alisema. "Akidhani nimo, atasubiri. Anapenda kusubiri."

Mzee alitambua anachoombwa ingawa hakuombwa kwa maneno. Mgeni anapoondoka sharti aandikwe saa ya kuondoka na uendako, na nakala yake iende pamoja na nyingine. Alikuwa hajawahi kuuacha mstari ule wazi hata kwa mgeni aliyefia hotelini.

"Kesho sitakuandika kuwa umeondoka," alisema. "Wala kesho kutwa. Kwa mujibu wa daftari, utakuwa umo."

Alfajiri Mama Mashuka, aliyekwisha kuambiwa, alimtoa mgeni kwa mlango wa chumba cha kufulia nguo, kila mmoja amebeba furushi la mashuka kichwani, na hakuna aliyewaangalia wanawake wawili wenye mafurushi.

Mume alifika Jumanne saa tano. Hakuja na kelele. Alikuwa mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata karatasi, na alisubiri kwa adabu hadi mgeni aliyekuwa mbele yake alipomaliza.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Namtafuta mke wangu. Hana afya nzuri ya akili, na ana jeraha la mkono. Nina wasiwasi naye."

"Pole. Habari za wageni hatuzitoi, bwana. Ibara ya tatu, hiyo hapo."

Mtu yule aliisogelea fremu na kusoma taratibu, midomo ikicheza. Hakusoma ya tatu pekee. Alisoma zote, na alipomaliza alitoa kitambulisho chake na kukilaza mezani, kimenyooka sambamba na ukingo. "Nimeelewa. Basi mimi ni msafiri. Nina kitambulisho, sijalewa, nalipa taslimu, na nyuma yako naona funguo tisa zinaning'inia. Ibara ya nne inasema huwezi kunikataa."

Ilisema hivyo. Msafiri mwenye mwenendo mzuri hakataliwi maadamu chumba kipo, na mwenendo wa mtu huyu, hapo mezani, ulikuwa mzuri kuliko wa wageni wote wa mwezi ule. Bwana Ibara alisukuma fomu mbele yake.

"Ghorofa ya kwanza ina upepo mzuri," alisema.

"Nipe namba ishirini."

Mkono wa mzee ulibaki hewani mbele ya ubao wa funguo. Ishirini ilitazamana na kumi na tisa, mlango kwa mlango. Nyuma yake mtu yule alikuwa akijaza fomu kwa mwandiko mzuri, bila haraka. Nakala ya kituoni, yenye namba ya chumba, ilikuwa imesomwa.

Siku ile na iliyofuata zilikwenda kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Mgeni wa namba ishirini aliweka kiti ndani ya mlango wake ulio wazi, akakaa akiutazama mlango wa mbele yake. Hakubisha. Hakuita. Kila asubuhi na kila jioni Mama Mashuka alipita na sinia la chakula, akafungua kumi na tisa kwa ufunguo wa akiba, akaingia na kujifungia. Huko ndani alifungua bomba la maji, akakohoa kidogo kwa sauti nyembamba isiyofanana na yake, akala kila kilichokuwemo, akatoka na sahani tupu.

"Nimeongezeka kilo mbili kwa ajili ya sheria zako," alimnong'oneza Bwana Ibara jikoni, akitua sinia mezani. "Kaka, mtu yule ananisalimia. Kila nikipita ananisalimia vizuri kabisa. Leo ameniuliza, 'Mama, anakula?' Nikamwuliza nani. Akacheka."

"Hakusogea kitini?"

"Hakusogea. Ameweka mikono magotini hivi. Ningependa atukane. Mtu akitukana unajua alipo."

Jumatano saa kumi tarishi alifungua mkoba wake kama kawaida. Alihesabu nakala, akasita. "Wa namba kumi na tisa bado yumo? Kituoni wameuliza."

"Yumo," alisema Bwana Ibara.

Lilikuwa neno fupi, na lilitoka bila shida. Hilo ndilo lililomwogopesha. Alikuwa ameishi akiamini kwamba mdomo wake ungekataa.

Jioni hiyohiyo, alipokuwa akifunga kabati la chuma, mgeni wa namba ishirini alishuka na kuegemea meza kama rafiki wa siku nyingi.

"Ibara ya kumi umeiandika wewe, mzee wangu?"

"Niliipiga chapa tu. Ni ya sheria."

"Imekaa vizuri. 'Mgeni asiyeonekana kwa siku mbili, chumba chake kitafunguliwa mbele ya shahidi, kwa usalama wake.' Mimi nimekaa pale tangu jana saa sita. Sijamwona. Jana na leo, siku mbili; kesho asubuhi nitakuwa shahidi." Akanyoosha mkono, akaondoa uzi mweupe uliokuwa umeshika kwenye bega la koti la mzee, akautazama mwangani. "Mama nyumbani anashona, siyo? Dirisha lake liko karibu sana na barabara. Mwambie asikae hapo taa ikiwa imewaka. Watu wanamwona."

Usiku ule mke hakushona. Walihamisha cherehani hadi chumba cha nyuma, kila mmoja ameshika upande wake. Mke alisema tu, "Bado muda gani?"

"Hadi kesho saa sita mchana."

"Basi kesho ukawe mzito wa taratibu zako kama ulivyo siku zote," mke alisema. "Mimi nimekuvumilia miaka thelathini na nne. Yeye atavumilia asubuhi moja."

Alhamisi saa nne kasoro robo mgeni wa namba ishirini alisimama mbele ya meza, amenyoa, amevaa shati safi.

"Twende tukafungue."

Bwana Ibara alisema kwamba lazima kwanza aandike ombi hilo katika kitabu cha matukio. Akaandika. Akasema shahidi sharti atie sahihi. Shahidi akatia. Akasema wino haujakauka, na mtu yule, akiwa bado anatabasamu, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa ule mbichi na kuufuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akaonyesha ngazi kwa mkono uliochafuka buluu.

Walipanda. Mzee alikuwa na magoti mabovu na siku ile hakuyaficha. Kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili Mama Mashuka alikuwa akideki. Alipowaona alijibana ukutani, ndoo mkononi, asijue kama abaki au akimbie.

Bwana Ibara alibisha mara tatu, akiacha nafasi ya pumzi tano kati ya bisho moja na lingine. Akatangaza cheo chake. Akasubiri jibu ambalo alijua halitakuja. Kisha akautoa ufunguo, akaugeuza, na mlango ukafunguka.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya meza ndogo palikuwa na kikombe chenye masalio ya chai ya asubuhi na makombo ya mkate. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mtu yule aliingia bila haraka, akafungua kabati la nguo, tupu, akafungua mlango wa choo. Akauinua mto na kuunusa. Alisimama hivyo, mto usoni, muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mwingine kutazama, na Bwana Ibara akajua kwamba mwanamke yule hakuwa ametia chumvi hata kidogo.

"Foronya mpya," hatimaye alisema. "Hajalala hapa."

Akaurudisha mto mahali pake, akaunyoosha, akapita mbele ya mzee hadi mlangoni. Bwana Ibara alidhani anatoka. Mlango ulifungwa taratibu, ufunguo ukachomolewa upande wa nje na kuingizwa upande wa ndani, na kitasa kikalia. Huko ukumbini ndoo ilitua sakafuni. Nyayo za Mama Mashuka hazikusikika zikienda.

"Sasa uniambie, mzee wangu," mtu yule alisema. Sauti ilikuwa ileile ya adabu, lakini tabasamu lilikuwa limeondoka, na bila tabasamu uso ule ulikuwa mtupu kama chumba. Alianza kukunja mikono ya shati, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, mikunjo iliyolingana. "Aliondoka lini, na alikwenda wapi. Sina haja ya ibara."

Katika kifundo cha mkono wake kulikuwa na saa kubwa. Bwana Ibara aliisoma kichwa chini miguu juu: saa nne na dakika nane. Alihesabu. Wakati huu, gari likienda vizuri, mwanamke yule alikuwa ameiacha stendi ya tatu nyuma yake. Simu moja kwa askari wa mpakani bado ingetosha.

Alivuta kiti kilichokuwa karibu na meza, akakaa, akakifunga vizuri kifungo cha shingoni ambacho hakikuwa kimefunguka. Akaweka viganja magotini.

"Nitakueleza," alisema. "Lakini nikikueleza vipande vipande tutachanganya, na mimi sipendi kuchanganya mambo. Alifika Jumatatu, saa nne na dakika kumi, kwa mlango mkubwa. Alikuwa na mfuko mmoja. Mfuko wenyewe ulikuwa wa turubai, wa kijivu, na kishikio chake kilikuwa kimeshonwa upya. Niliuangalia ushonaji ule kwa sababu mke wangu ni fundi, na kama unavyofahamu, kuna namna mbili za kushona kishikio."

Mtu yule aliacha kukunja shati. Akapiga hatua moja kumwelekea.

"Ya kwanza," alisema Bwana Ibara, "ni hii."